Pulchérie Abwe, Aliyeeleza Magonjwa ya Wengine na Kufichwa wa Kwake

Ndugu waombolezaji, mama wa kanisa, walimu wa Baraka, ninyi mliovuka maji kutoka Ubwari na ninyi mliofika kwa pikipiki kutoka Kazimia, familia inawaomba utulivu ili msikie maisha ya dada yetu kabla hatujamsindikiza, na kwa kuwa upande wa baba umeshindwa kuelewana nani asome na asome nini, kazi hiyo imeangukia upande wa mama, yaani Darius, mjomba wa marehemu, ambaye alisema wazi tangu jana kwamba akisoma atasoma yote, na asiyetaka kusikia aende akasaidie kuchota maji.

Marehemu Pulchérie Abwe Wilondja alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, katika kijiji cha wavuvi huko Ubwari, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Anatole Wilondja na marehemu mama Godelieve, akimfuata kaka yake Alphonse, huyu mnayemwona mbele hapa amevaa suti nyeusi. Alikuwa mtoto wa maswali hata wakubwa wakamchoka, maana siku moja, kwenye kilio cha jirani, aliuliza mbele ya wageni kwa nini watu wanasema marehemu karogwa wakati kijiji kizima kilimsikia akikohoa mwaka mzima, na kwa swali hilo alichapwa, akalia, akafuta machozi, akauliza tena.

Alianza shule ya msingi hukohuko Ubwari mwezi Septemba 1992, vita vikamkuta darasa la tano mwaka 1996, akavuka Ziwa Tanganyika na wazazi wake mpaka Tanzania, akaendelea na masomo katika kambi ya Nyarugusu na kupata diploma yake ya sekondari mwezi Julai 2005, kisha familia iliporudi Baraka mwaka 2007 aliingia chuo cha ualimu na kusomea biolojia, akamaliza mwaka 2010. Haki isemwe hata kwa mtu tuliyemkasirikia, masomo hayo yote ya chuo alilipiwa na Alphonse, kwa mgongo wake mwenyewe, akipakia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye malori ya Bukavu, naye Pulchérie alimwamini kaka yake kuliko alivyowaamini maaskofu. Kumbukeni neno hilo, kwa sababu imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Alifunga ndoa na Fabien Etabo hapa Baraka, siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 2009, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Arlette aliyezaliwa mwaka 2010, Eddy aliyezaliwa mwaka 2012, na mdogo wao Dorothée, aliyezaliwa mwaka 2014 na kufariki mwezi Februari 2016 kwa kuhara, huku bibi wa mtaa akimpiga bomba la majani kwa njia ya haja kubwa na mama yake akiwa amesimama pembeni bila kujua la kufanya. Wiki iliyofuata, mwalimu huyu wa biolojia alisoma kwenye karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani katika kituo cha afya kwamba mtoto wa namna ile huanza kunyweshwa maji safi yenye sukari na chumvi kidogo, huku akikimbizwa kwa muuguzi, na vitu hivyo vyote vitatu vilikuwa jikoni kwake siku ile, juu ya meza.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi iliyomfanya ajulikane kuliko ualimu, yaani blogu yake aliyoiita Sema Dalili, aliyoifungua tarehe 1 Mei 2016 kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alichukua karatasi za Kifaransa zilizolala kwenye makabati ya vituo vya afya, akaziandika upya kwa Kiswahili cha kwetu, kile ambacho mama wa sokoni anakielewa huku akiparua samaki, akaeleza kipindupindu, kifafa, uvimbe wa shingo, fistula ya akina mama, akaandika ni wapi chanjo inatolewa na siku gani, ni daktari gani anapasua macho akipita, na kila chapisho alilifunga kwa maneno yaleyale, kwamba mgonjwa amuulize daktari jina la ugonjwa wake na asitoke chumbani bila kuambiwa. Walimsoma wachimba dhahabu wa Lulimba, walimsoma wavuvi wa Kazimia, walimsoma pia wafugaji wa milimani, watu wanaosema Kinyarwanda, ambao vijana wetu wamepigana nao miaka mingi, naye aliwajibu wote, jambo lililowafanya baadhi ya majirani wamwite msaliti, na kati ya majirani hao wapo waliokaa leo kwenye viti vya mbele, wameshika leso.

Ugonjwa wake ulianza mwishoni mwa mwaka 2022, akawa anashiba kwa matonge mawili ya bukari, ugali wetu, nguo zikamlegea, choo kikawa cheusi, na mwezi Februari 2023 Alphonse alimpeleka Bukavu, ambako waliingiza kamera tumboni na kukata kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, Pulchérie alikuwa amesharudi kwa wanafunzi wake, na daktari alimwita Alphonse pembeni, akamwambia kwamba ni kansa ya tumbo na kwamba imeshasambaa.

Sasa kila mmoja wenu hapa anajua desturi yetu, maana wengi mmeitenda, kwamba jibu baya halipewi mgonjwa, linapewa mkubwa wa familia, na mkubwa wa familia anaita kikao, na kikao kinakubaliana ni uongo gani utatumika. Kikao kilikaa kwa Alphonse, Fabien akiwemo, na uongo uliochaguliwa ulikuwa vidonda vya tumbo. Alphonse akaenda kwake na dawa za vidonda mkononi, akicheka, akamwambia, “Ni vidonda tu, dada, bamepima yote, daktari ameniambia mi mwenyewe,” naye mwanamke aliyewafundisha maelfu wasitoke bila kuambiwa na daktari alimkumbatia kaka yake, akalia kwa furaha, hakuuliza hata swali moja.

Kama mambo yangeishia hapo, tungezika mtu mmoja. Lakini Pulchérie hakuwa mtu wa kupata habari njema akakaa nayo peke yake, na siku ya Alhamisi, tarehe 6 Aprili 2023, aliandika kwenye blogu yake habari za tumbo lake, akataja kukonda, akataja kushiba haraka, akataja choo cheusi, akasema wazi kwamba yeye pia aliogopa kansa, kwamba alipimwa Bukavu kwa mashine na ikawa vidonda tu, na kwamba wenye dalili kama zake wasijitese kwa mawazo, waanze dawa za vidonda, waache pilipili, wawe na subira. Hakuna chapisho lake lililosomwa na kutumwa kwa wengine kama hilo. Fabien alilisoma, Alphonse alilisoma, wanakikao wote walilisoma, na hakuna aliyefungua mdomo, maana kumwambia afute ingekuwa kumwambia kwa nini afute.

Huko milimani alikuwepo mama mmoja, Nyiramahoro, mke wa Rukunda, ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua kwa namna ileile, na alikuwa amefunga mizigo yake ateremke kwenda kupimwa, akasoma chapisho lile, akamshukuru Mungu, akafungua mizigo. Pulchérie mwenyewe alimwandikia maneno ya kumtia moyo, mara nyingi, kama dada kwa dada, wakawa wanaulizana kila mmoja amekula nini leo na kimekaa au kimetoka.

Kwa miezi hiyo yote nyumba ya Fabien iligeuka kuwa jumba la maigizo, wageni wakisimamishwa mlangoni na kufundishwa la kusema kabla ya kuingia, wakimkuta amebaki mifupa na kumwambia, “Eh, mama Arlette, sasa unanenepa,” na Arlette, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akifundishwa na baba yake kucheka anapomwogesha mama yake. Mtasema ilikuwa huruma. Mjomba anayesoma maneno haya anasema ilikuwa woga uliovaa nguo za huruma, na anawaomba wanaotikisa vichwa wavumilie, bado hatujafika.

Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Novemba 2023, Rukunda alimwandikia Pulchérie kwamba mke wake amefariki, kwamba alipozidiwa walimbeba kwenye machela mpaka hospitali, wakakuta ni kansa ya tumbo, na daktari akasema angefika miezi ile ya mwanzo lingewezekana jambo. Aliandika bila matusi, akamalizia kwa kuuliza, “Mama Pulchérie, dalili ya bibi yangu ilikuwa sawa na yako yote, je, we ulisikia jibu kwa masikio yako?”

Pulchérie aliita watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Fabien alisema vidonda, akatoka nje haraka. Alphonse alicheka kile kicheko chake, akasema, “Ule ni muntu ya mulima, banakunywa maziwa mubichi kule, ugonjwa yake haiwezi kufanana na yako,” naye Pulchérie akamjibu, “Kaka, munaniona sawa mutoto, lakini mi ndiye niliandika zile dalili. Ule mama amekufa juu ya maneno yangu. Muniinue nishike simu nibaambie batu.” Mwisho alimwita Arlette, hakumuuliza kitu, alimtazama tu, na mtoto akashindwa kucheka.

Ndugu waombolezaji, tangu siku hiyo marehemu hakuomba kupona, wala hakuomba dawa ya maumivu, aliomba simu. Siku hiyo ya kwanza alikuwa amefumba macho kwa kulia, simu ikiwa chini ya mto, akisubiri nguvu zimrudie vidoleni ili afute chapisho lile na kuandika la kweli, na Alphonse alipoona hivyo alisema simu ndiyo inayomuua, akaitoa chini ya mto, akatoka nayo mpaka bandarini Baraka, na mbele ya wapakuzi akaitupa ziwani. Kisha akapita kwa wageni wote akiwakataza kumwazima za kwao, nao wakatii, walimu wenzake pamoja nao, watu wenye diploma.

Mjomba wake alifika kutoka Ubwari siku ya Jumapili, tarehe 26 Novemba, akiwa na simu yake ndogo ya vitufe isiyojua intaneti ni nini, na Pulchérie alimshika mkono, akamfundisha maneno ya kusahihisha, akamtaka ayarudie mpaka alipoyashika, kama alivyokuwa akiwarudisha wanafunzi wake. Vijana wenye ujuzi wamejaribu kuingia kwenye blogu ili kuyaweka, na blogu inaomba namba itakayotumwa kwenye simu ile iliyoko chini ya maji, na walipokwenda kwa wakala wa simu kuomba kadi nyingine ya namba ileile, wakala, baada ya kutoa pole zake, alisema kadi imeandikishwa kwa jina la Pulchérie, kwa hiyo sharti mwenyewe afike.

Alifariki dunia nyumbani kwake, siku ya Jumatatu, tarehe 4 Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, na kwa kuwa maneno yake hayana mahali pengine pa kusomwa, yatasomwa hapa, mwenye simu ya kurekodi arekodi sasa: “Mi ni Pulchérie wa Sema Dalili. Nilibadanganya bila kujua. Ugonjwa yangu haikuwa vidonda, iko kansa ya tumbo. Kama unakonda, kama unashiba na matonge mbili, kama choo iko nyeusi, usibakie ku nyumba juu ya maneno yangu. Enda bakupime. Na jibu, useme bakupe we mwenyewe, hapana kaka yako, hapana bwana yako. Nyiramahoro, unisamehe.”

Sasa tushukuru. Tunawashukuru madaktari wa Bukavu, waliopima vizuri na kusema ukweli wote, ila walimwambia mtu mwingine. Tunawashukuru majirani kwa kuni, kwa maji, na kwa kuibana midomo yao kama walivyoelekezwa. Tunawashukuru walimu wenzake kwa sanduku hili zuri na shada la maua. Tunamshukuru Fabien, aliyemlisha mkewe kwa kijiko mpaka mwisho, na Alphonse, aliyempenda sana, na tunamwomba Mungu atuepushe sisi tuliobaki na kupendwa hivyo. Tunamshukuru Rukunda, aliyeteremka milima siku mbili kuja kuzika, ambaye amesimama kule nyuma kabisa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpa kiti.

Na wewe, mtoto wa dada, mjomba wako hana la kukudanganya, uongo wa wenzako unamtosha mtu mmoja. Chapisho lile bado lipo palepale, linasomwa, na leo asubuhi, tukiwa tunakuvalisha, mama mmoja wa Lulimba ameandika chini yake kwamba anakonda, choo chake ni cheusi, alikuwa amepanga kwenda kupimwa, lakini amekusoma na moyo umetulia, hataenda tena, asante dada. Jina lake halisi hakuliandika, wala namba, na tumeshindwa kumfikia. Lala, Pulchérie, na kama amani inapatikana huko uliko, ipokee.