Gunia Nililolibeba kwa Jirani

Yoga noi, ndugu zangu! Na nyinyi mliotoka upande wa Samia, mulembe. Mwenyekiti wa mkutano huu ameniambia nisimame nieleze vile nilirudi dukani, lakini ameniangalia kwa lile jicho lake la kusema, mama, usikae hapo mbele mpaka chai ipoe. Mwenyekiti, leo chai itapoa.

Wengi mnanijua kwa vitenge. Duka langu liko Malaba, karibu na pale malori yanapanga foleni kuvuka mpaka. Siku moja saa sita mchana, jua la kuchoma, waliingia wanaume wawili wamevaa vizuri, wananiita mama kwa heshima zote. Mmoja akataka kitambaa cha bluu. Nikakitandaza mezani, nikaanza kupima. Nikiwa katikati, akainua ncha ya kitambaa, nikaona bunduki ndogo imelala pale chini, mdomo umenielekea mimi. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, endelea kupima."

Na mimi nikaendelea! Mwenzake anakusanya mauzo, anakusanya simu yangu, mimi napima. Walipotoka nilikuwa nimepima jora zima na kuanza upya. Chekeni, hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka, na kwa muda mrefu baadaye sikucheka.

Kilichoniangusha hakikuwa ile hasara. Kilichoniangusha ni mikono. Nikishika kitambaa inatetemeka. Mteja akiingiza mkono mfukoni atoe pesa, mimi niko chini ya meza. Mama mmoja mzima kutoka Amagoro alikuja kununua lesso, akatoa kitambaa chake cha jasho, akasikia nimepiga kelele. Alikimbia yule mama! Hajarudi mpaka leo, na simlaumu. Mwishowe nikafunga duka, nikakaa nyumbani Moding nikihesabu kuku.

Sasa mzee wangu. Mzee wangu ni mtu mwema, lakini kumwona mke wake akijificha chini ya meza kulimuuma kuliko vile alivyosema. Akaomba leseni ya bastola. Wakamchunguza, wakamfundisha, mwishowe akaipata. Nisiwadanganye, siku alipoileta nyumbani nilifurahi. Nilisema, Mungu ni mwema, sasa tutalala.

Tulilala? Wapi! Akitikisa kitanda, mimi macho. Akikohoa, mimi macho. Hofu ilikuwa Malaba, sasa ikahamia chumbani.

Halafu ile bastola ikaanza kuwafukuza watu. Mnajua kwetu Jumapili mchana kuna chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, na watu huzunguka na mirija yao mirefu, maneno yanakwenda, vicheko vinakwenda. Sasa mzee wangu anaketi pale na ile kitu kiunoni. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajanywa maji. Mwingine jino likaanza kumuuma, jino ambalo nilijua liling'olewa. Chungu cha watu kumi tukabaki wawili, tunanyonya tu mpaka mirija yenyewe inatuonea huruma.

Jirani yangu ndiye aliyesema waziwazi. Huyu mama tumeishi naye ukuta kwa ukuta, kwangu alikuwa anaingia kwanza ndipo anabisha hodi. Alisimama kwa ua akamwambia mzee wangu, "Baba, sikatai mliibiwa. Lakini nikija kuomba chumvi, nitajuaje leo umeamka vipi?"

Mzee wangu akajibu, "Mama, nimefuata sheria yote. Kulinda mke wangu ni haki yangu. Polisi wakifika, mwizi ameshavuka, anakunywa soda Tororo."

"Haki yako naijua. Na mimi haki yangu ya kuingia hapa bila kuogopa, nani aliichukua?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilisimama katikati yao na nikaona wote wawili wanasema kweli. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa mmoja ni mjinga, ningejua wa kumnyamazisha. Jirani akarudi kwake, na akaacha kuja. Chumvi yake akawa anatuma watu kununua dukani. Mimi nilililia ile hodi yake kuliko vitenge vyangu vyote.

Basi, binti ya huyo jirani akachumbiwa na kijana wa upande wa Uganda. Wageni watakuja na wazee wao, na kwetu huwezi kupokea wakwe kwa maji ya kunywa. Nilichungulia uani kwao, nikaona unga wa wimbi waliokaanga na kuanika, nikajua huo hautoshi. Hao ni watu wa Tororo, wanakuja na mirija yao wenyewe! Na mimi nilikuwa na gunia langu la unga uleule, limekauka vizuri, liko kona ya ghala likingoja sherehe ambayo haina wageni. Nikajiambia, mama, hii ndiyo njia. Usiombe msamaha kwa maneno, peleka gunia.

Nikalibeba kichwani mwenyewe. Njiani kitu kigumu kinanigonga utosini, to, to, to. Nikadhani ni bonge la unga.

Jirani aliniona kwa lango. Aliangalia gunia, akaniangalia mimi, kisha akaja akalishusha na kunishika mikono. Ile mikono yangu ya kutetemeka. Nilisikia kama mtu amenirudishia nyumba yangu. Binti akaliburuta gunia mpaka kivulini, akachukua mchi, maana mabonge tunayaponda kwanza gunia likiwa bado limefungwa, ndipo tunamwaga. Akaanza kuponda huku anaimba, sisi wakubwa tunamenya ndizi na kumsengenya mkwe.

Sasa, kumbe mzee wangu alikuwa na akili zake. Sefu ilikuwepo, imepigiliwa ukutani kama sheria inavyotaka. Lakini akawaza, mwizi akiingia, kitu cha kwanza atauliza ni sefu. Asubuhi ile akitoka alifunga bastola kwa nailoni, akaizika ndani ya gunia la ajon. Nani ataiba unga wa pombe? Ni kweli, ndugu zangu. Kwetu gunia la ajon haliibiwi. Linaombwa! Linabebwa mchana kweupe! Mzee wangu alikuwa amesahau hilo, kwa sababu ni muda mrefu hakuna jirani aliyekuja kwetu kuomba chochote.

Tukasikia kelele barabarani. Mzee wangu huyo anakuja mbio, kiatu kimoja, shati limetoka nje. Mnafikiri watu walifanya nini? Walikimbia! Wengine migombani, wengine nyuma ya choo. Naye anapiga kelele, "Msikimbie! Sina bunduki! Bunduki iko kwenu!"

Binti peke yake hakukimbia. Alibaki amesimama, mchi uko juu, haelewi. Mama yake akamfikia kabla yangu, akaupokea ule mchi taratibu vile unavyompokonya mtoto kisu, akamvuta kando.

Mzee wangu akapiga magoti, akafungua gunia, akachimba, akaitoa. Nailoni ilikuwa imepasuka. Alipoondoa risasi, ndugu zangu, tulisikia moja ikianguka kwenye sufuria. Halafu akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Mume wangu, mzee wa mvi, alilia mbele ya watu, na mimi nikaketi chini nikalia naye.

Jirani alimsimamia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. "Ungeniulia mtoto, baba."

"Ningemuua," akasema mzee wangu.

Kisha jirani akafuta macho na kanga, akasema, "Wakwe wanakuja. Pombe inataka maji. Nani anachota?"

Mzee wangu akatangulia kuiweka ile kitu kwenye sefu na kugeuza ufunguo. Halafu akarudi, akachukua jerikeni mbili, akaenda kisimani. Mvi zake zote hizo! Na jioni wazee wa Tororo walipoketi, ni jirani mwenyewe aliyempa mrija.

Kesho yake akaipeleka stesheni ya polisi, pamoja na leseni, hakuna aliyemlazimisha. Afisa akainusa, akauliza, "Mzee, mbona silaha inanuka ajon?" Mzee wangu akamwambia ni hadithi ndefu.

Sisemi kila mwenye leseni ni mtu mbaya. Hapa ndani wako wengine, na chai tutakunywa pamoja. Sisemi pia kwamba wezi wamekwisha, Malaba ni Malaba. Ninasema tu kilichoniponya mimi. Kitu ambacho kinamfukuza mwizi na jirani pamoja, mimi kilinipunguzia usalama. Mzee wangu alitaka kunilinda akaniachia upweke, na mtu mpweke hata sefu haimtoshi.

Nawashukuru wenye maduka wa safu yetu, tuliokubaliana mmoja akipiga kelele wote tunatoka. Namshukuru mzee wangu, ameketi pale nyuma anajifanya anaangalia dirisha. Asante, baba, kwa kukubali kulia.

Na namshukuru jirani yangu. Nilipofungua duka tena, alikuja akaketi pembeni yangu na ususi wake wa kikapu. Mteja wa kwanza akaingiza mkono mfukoni, mimi huyo nashuka chini ya meza. Jirani akanishika kiuno: "Huyo anatoa pesa, mama. Simama upokee." Nikasimama, nikapokea. Akaja mwingine, anataka kitambaa kile kile cha bluu. Nikakitandaza, na katikati mikono ikagoma. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote yale maneno ya yule mwizi. Lakini jirani yangu hakuinua hata macho kutoka kwa kikapu chake, akasema, "Niko hapa. Endelea kupima."

Na mimi, ndugu zangu, napima mpaka leo.