Baba Panya, Aliyejihesabu Mwenyewe

Marehemu hakuwahi kufungua kitu bila kukiandikia tarehe. Chupa ya mafuta, pakiti ya chumvi, sabuni ya kuogea: kila kimoja alikibandika kipande cha plasta nyeupe chenye siku, mwezi na saa. Tabia hiyo aliitoa maabara akaileta nyumbani, na hata wodini manesi waliikuta kwenye chupa yake ya maji.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu kati ya wanne, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Mama anasimulia kwamba akiwa na miaka mitano alipewa kopo la vifungo ahesabu, ili asisumbue wateja. Alihesabu mara tatu, akapata idadi tatu tofauti, akalia mpaka baba akaacha nguo ya mteja na kukaa chini kuhesabu naye.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1992 na sekondari mwaka 1998, kisha akapata stashahada ya ufundi wa maabara mwaka 2002. Mwaka uliofuata aliajiriwa chuoni kutunza panya wa utafiti, na hakuhama tena. Wenzake walimwita Baba Panya, naye aliitika.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilianza mwaka 2011. Profesa wake alitaka kujua kama majani ya mlonge, ambayo yana viambata vya kukinga chembe za mwili zisiunguzwe na sumu, yanaweza kulinda mbegu za kiume wakati wa matibabu ya saratani. Kundi moja la panya lilipewa dawa ya saratani peke yake. Jingine lilipewa dawa hiyo pamoja na maji ya majani. Marehemu ndiye aliyekaa kwenye darubini akihesabu. Waliokunywa majani walibakiwa na mbegu nyingi zaidi. Siku ya majibu aliwanunulia soda wote waliokuwemo, hadi mlinzi wa geti.

Tulifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2014. Nilikuwa mkutubi wa chuo hicho hicho, naye alikuja kurudisha kitabu kilichochelewa miezi saba, akadai kilikuwa karantini. Tulikubaliana watoto wasubiri nimalize shahada ya pili.

Februari 2018 alipata uvimbe shingoni. Ilikuwa saratani ya tezi. Daktari alimweleza kwamba dawa zingeweza kumaliza uzazi wake, akamshauri aende kwanza kwenye hospitali kubwa akahifadhi mbegu kwenye barafu. Safari hiyo ingechukua siku nne, na ugonjwa ungeweza kuzisubiri. Marehemu alikataa. Alijipima uzito, akapiga hesabu ya dozi kutoka kwa panya hadi kwa mtu, akawa anakunywa maji ya majani kila asubuhi bila kumwambia daktari. Profesa alipogundua alimkemea kwamba jambo hilo halijapimwa kwa binadamu, na kwamba majani hayo hayo huenda yakaikinga hata saratani dhidi ya dawa. Aliacha, lakini dripu nne zilikuwa zimeshapita.

Matibabu yalimalizika Novemba 2018 na uvimbe ukaisha. Mwishoni mwa mwaka uliofuata alijipima mwenyewe kwenye darubini yake ya kila siku, mara tatu katika miezi mitatu. Hakuona hata mbegu moja. Aliandika sifuri tatu kwenye daftari la kazi, chini ya hesabu za panya, akatia sahihi.

Lawama, kama kawaida, zilikuja kwangu. Shangazi yake, ambaye ameniruhusu kulisema hili, aliuliza mbele ya watu sebuleni kwetu, "Huyu mkutubi amesoma vitabu vyote hivyo, hajafika tu ukurasa wa kuzaa?" Watu walicheka. Marehemu aliweka kikombe chini.

"Shangazi, niulize mimi. Nimejihesabu mwenyewe. Hakuna kitu."

Hakuna aliyemaliza chai siku ile.

Tangu hapo alikuwa akienda kliniki ya saratani kila Alhamisi, akikaa na wanaume wanaosubiri dripu ya kwanza. Aliwasihi wahifadhi mbegu kwanza, na wasinywe kitu chochote kwa siri. Wawili kati yao wamekuja leo na watoto wao.

Saratani ilirudi Juni 2023. Alifariki tarehe 9 Aprili 2024, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na mitano. Ameacha mama, dada wawili, kaka mmoja, shangazi na mke. Hakuacha mtoto. Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo dawa hazikumpa.

Wasifu huu aliagiza uandikwe akiwa hai, na asubuhi ya siku aliyofariki nilimsomea. Mahali pa daktari nilikuwa nimepalainisha. Niliandika kwamba marehemu hakupata ushauri wa kutosha. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Futa hapo, mke wangu," akasema. "Usiwaambie sikuambiwa. Niliambiwa."