Niliongoza Kabla ya Kengele

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na feni, apewe sifa na huko pia.

Mchungaji amenipa nafasi na amenionya nisirefushe. Wengi mnanijua kama Mama Upendo wa hapa hapa Boko, yule anayepanga viti kabla ya ibada. Msichojua ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkimbiaji. Msicheke. Na niseme mapema kabisa: mie si mtu wa kulia nikishika kipaza sauti. Dada aliyetangulia amelia, na machozi yake ni ya kweli, lakini mie sikujaliwa. Nitasema ilivyokuwa, basi.

Wazazi wangu walitoka Masasi, sie watoto tukakulia Temeke. Kiwanda kimoja cha nguo kiliniajiri idara ya nyuzi, ingawa ukweli ni kwamba kiliniajiri kwa sababu ya miguu. Siku zile shirika la umma lenye hadhi lilikuwa na timu ya mpira, kwaya, na wakimbiaji wawili watatu. Asubuhi unakimbia, halafu unaingia kwenye mashine, na mwisho wa mwezi mshahara unatoka kama wa wengine.

Mbio zangu zilikuwa mita elfu moja na mia tano. Kwa wasiojua, ni karibu mizunguko minne ya uwanja. Ni ndefu mno kwa mtu mwenye pupa, na ni fupi mno kwa mtu wa starehe. Ukianza mzunguko wa mwisho inapigwa kengele, ili kila mtu ajue kwamba sasa hakuna cha kubakiza. Naomba muikumbuke hiyo kengele.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Sefu, mwenyeji hasa wa Temeke, Mzaramo, mtu wa swala tano na ulimi wa kuchoma. Alinifundisha bure kuanzia nikiwa shule. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama magoti yako.

Ndugu zangu, ikaja miaka ya mabadiliko. Mitumba ilijaa Tandika na Ilala, kitenge chetu kikakosa wanunuzi, mashirika yakaanza kuuzwa. Tuliambiwa mwekezaji anakuja na hana haja na wakimbiaji. Wakati huo huo wakubwa wa riadha wakatangaza mashindano ya nje ya nchi. Katika mbio zangu nafasi ilikuwa moja tu. Atakwenda mwanamke atakayekuwa wa kwanza kwenye majaribio, na lazima awe ametimiza muda waliouweka. Asipoutimiza hata mmoja wetu, haendi mtu. Mie niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Niliamini nikikosa, nitarudi Masasi kulima korosho, na hakuna atakayekumbuka kwamba niliwahi kuwa na mbio.

Hapo ndipo kamati ya ufundi ikaingia. Mnaijua kamati ya ufundi. Ni wale wazee wa timu ya mpira ambao hawajui kupiga mpira, ila wanajua njia ya kwenda kwa mtaalamu. Timu yetu ya mpira ilikuwa imeshuka daraja, wazee wakabaki hawana kazi, wakaamua ufundi wao wauhamishie kwenye riadha. Wakanipeleka Mbagala kwa babu mmoja.

Yule babu alikuwa amezoea mpira. Alikuwa hajawahi kuona mbio. Akauliza, "Huyu anafunga magoli?" Akaelezwa kwamba wanakimbia kwa kuzunguka, na atakayefika wa kwanza ndiye mshindi. Akafikiri sana. Kisha akanifunga hirizi kiunoni, kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, akatoa masharti. Siku ya mbio nisimpe mtu mkono. Uwanjani niingie kinyumenyume. Na kubwa kuliko yote, nisitangulie mbele ya wenzangu mpaka kengele ilie. "Ukitangulia kabla ya kengele," akasema, "miguu itakufa hapo hapo."

Siku ya majaribio nikaingia uwanjani kinyumenyume, nikajikwaa kwenye ukingo wa njia ya mbio, nikakaa kitako mbele ya watu. Mzee Sefu akanitazama tu.

Bastola ikalia. Tulikuwa wasichana kumi hivi, kila mmoja wa shirika lake. Nikajibana katikati, nikisubiri mwenye haraka zake atangulie nimfuate. Hakutangulia mtu. Tukatazamana kwa pembe za macho. Aliyejikuta mbele kwa bahati mbaya alipunguza mwendo mpaka wa nyuma wakamkanyaga visigino. Tukaenda hivyo, mzunguko wa kwanza, wa pili, kundi zima likichechemea kama kuku waliofungwa pamoja kwenda sokoni. Jukwaani watu wakaanza kucheka. Nikamsikia Mzee Sefu akipaza sauti, "Hizi ni mbio, au mnamsindikiza bi harusi?"

Kengele ilipolia, wote tulichomoka mara moja. Msichana anayeitwa Hawa, wa shirika moja la upande wa Kawe, akanizidi mwishoni. Aliposomewa muda wake, mwenye saa alicheka kwanza. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ni kweli, tulipokwisha kuanza hakujikwaa mtu, na hakufika mtu pia.

Tulipokuwa tunabadilisha nguo ndipo nikaona. Hawa alivua fulana yake, na kiunoni alikuwa na kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi wenyewe ulikuwa wa kiwanda chetu. Naye akaona changu. Msichana wa tatu alikuwa anajifunika kanga haraka haraka, lakini tulishaona. Hawa akaniuliza, "Babu wa Mbagala?" Nikamwitikia. "Na wewe usitangulie mpaka kengele?" Nikamwitikia tena. Akakaa kwenye benchi akacheka mpaka akajishika mbavu.

Mie sikucheka. Ndugu zangu, niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Wasichana wenye mbio kuliko wote katika nchi nzima walikuwa wametiwa kamba moja na mzee ambaye hajawahi kuona mbio. Na nchi nayo ilikuwa inatungoja huko mbele.

Sasa mtasema, basi ulijua ukweli, ukawekwa huru. Hapana! Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Nilijua ni uongo na bado niliogopa. Wakubwa wakatupa majaribio ya pili na ya mwisho, na mie nikaoga na hirizi, nikalala na hirizi. Mzee Sefu alipoambiwa habari yote alisema neno moja tu: "Mwanangu, saa haina mganga." Nikamwitikia, "Ndiyo, mwalimu." Mazoezini akiniambia nikae mbele, miguu inakuwa mizito kabla hata sijaondoka. Kujua kulikuwa kichwani, na woga ulikuwa kiunoni.

Tulikuwa na jirani, Mama Eliza, fundi cherehani, aliyekuwa akishona barazani kwake na kusali kwenye kanisa dogo la mabati nyuma ya soko. Siku moja nilimpelekea sketi aipunguze. Akanitazama juu ya miwani.

"We Anjela, kinakuwasha nini hapo? Kila saa mkono uko kiunoni."

"Mama, nina kitu."

"Nimekiona siku nyingi," akasema. "Nilikuwa nangoja uchoke."

Nikamwambia nimechoka. Akaniuliza kama nataka kikatwe kwa jina la Yesu au nataka tu kupunguza sketi. Nikamwambia vyote viwili. Akanipeleka kanisani kwao mchana ule ule, kulikuwa na maombi ya akina mama. Sitawadanganya. Mbele yangu watu walianguka, mmoja alipiga kelele zikasikika mpaka sokoni. Mie sikuanguka. Niliomba kwa maneno machache: Bwana, naogopa, nitoe hapa. Mama Eliza akatoa mkasi wake wa kushonea, akapitisha chini ya uzi, ukakatika. Nilichosikia ni ubaridi kiunoni, basi. Nikatoka nje, jua lilikuwa kali kama lilivyokuwa.

Siku ya majaribio ya mwisho nikaingia uwanjani kwa kutazama mbele, nikampa mkono kila niliyekutana naye, mpaka mwenye bastola. Hawa alikataa mkono wangu. Nikaelewa kwamba yeye bado anayo. Alikuwa amecheka, lakini hakukata.

Bastola ikalia, nikatangulia.

Ndugu zangu, hamjui upweke wa mbele! Huoni mgongo wa mtu wa kujificha. Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili nao ukaenda. Katikati ya wa tatu, kabla ya kengele, miguu ikaanza kufa. Ilikufa kama alivyosema babu, kuanzia mapajani kushuka. Nikajua yametimia. Nilitaka kusimama pale pale. Kisha nikakumbuka kwamba maumivu yale nayajua. Nimeyasikia kila asubuhi kwenye mazoezi ya Mzee Sefu tangu nikiwa shule. Hayakuwa ya babu. Ni mbio tu zilivyo, ukizikimbia sawasawa. Haleluya! Nikasema, Bwana, kumbe ni uchovu! Nikauacha uchovu uwe uchovu, nikaendelea.

Kengele ikanikuta mbele, miguu ikiwa imekufa na bado inakimbia.

Nyuma yangu Hawa alikuwa ameitunza kengele yake. Mwishoni kabisa akatokea kulia kwangu akanipita. Akawa wa kwanza, na muda akautimiza. Mie nikawa wa pili.

Naona mmenyamaza. Mlitegemea nishinde. Hata mie nilitegemea. Wazee wa kamati ya shirika lao walimbeba Hawa begani, na mtaani wakasema hirizi ile kali. Nilimwambia Mungu, "Sawa, asante sana," na sikuisema kwa unyenyekevu. Nilimwonea Hawa wivu mpaka usingizi ulinikataa. Kiwanda kiliuzwa, nikapunguzwa kazi. Lakini kuna kitu nilikiona siku zile zile, na sikukipenda sana: nilikuwa siogopi tena. Niliukagua woga kama mtu anayetafuta jino lililong'olewa, na haukuwepo.

Wiki ileile ya majaribio Hawa akaja kwetu Temeke. Alikaa barazani. Halafu akasema, "Shoga, wewe ndiye uliyenivuta. Bila wewe kutangulia, ule muda nisingeupata hata kwa hirizi saba."

Nikamwambia najua.

"Kule niendako hawangoji kengele. Wale wanaondoka na bastola. Nikijificha nyuma, nitabaki huko huko nyuma. Nifundishe kukaa mbele."

Nilitaka kukataa. Ningekataa kwa raha kabisa! Nafasi ilikuwa yake, na sasa anataka na kile kidogo nilichobaki nacho. Lakini niliutazama mkono wake, ulikuwa kiunoni, unapapasa. Nilikuwa naujua mkono ule. Nikamchukua kwa Mama Eliza.

Mchungaji, hapa unisamehe, maana ndivyo ilivyokuwa. Hawa ni Mwislamu, na mpaka leo ni Mwislamu. Alisimama pale barazani, akasema Bismillahi. Mama Eliza akasema, kwa jina la Yesu. Mkasi ukapita, uzi ukakatika. Hawa akajishika kiunoni, akasema, "Kuna baridi," nikamwambia ndiyo, kuna baridi.

Tukafanya mazoezi kiwanja cha shule kule Kawe, Mzee Sefu akigonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kuwa kengele ya shule. Kila siku mie mbele, Hawa nyuma. Kila siku anangoja rimu ilie ndipo anipite. Mzee Sefu anaudhika, anauliza kama tumekuja kukimbia au kuingia darasani. Mpaka asubuhi moja, rimu haijagongwa, bado tuna mizunguko miwili, nikasikia pumzi kulia kwangu. Akanipita. Akaenda mbele peke yake, analia kwa sauti huku anakimbia, kwa woga, lakini hasimami. Mzee Sefu alikuwa amesimama na chuma mkononi, hagongi. Aliponiona natazama akasema, "Kimbia we, unashangaa nini?" Akageuka pembeni, akajifuta uso kwa kofia.

Siku ya mbio za nje tulisikiliza redio barazani kwa Mama Eliza, mtaa mzima. Mtangazaji alichukua muda kulitamka jina la Hawa. Kisha akasema mzunguko wa kwanza umekwisha, na anayeongoza ni Mtanzania. Watu waliruka, sufuria zikagongwa. Mie nilibaki nimekaa. Mzunguko uliofuata walimpita wawili, kisha wengine, na mwisho akamaliza katika wale wa nyuma. Watu wakasema ah, yale yale. Wakarudi kwenye shughuli zao.

Sie wawili tulijua haikuwa yale yale. Mama Eliza alizima redio, akanishika mkono, akasema, "Umemsikia? Hakungoja."

Ndugu zangu, sijui wewe umefungwa nini, na ni nani aliyekwambia kwamba ukitangulia miguu itakufa. Itakufa kweli, nakwambia, kwa sababu ndivyo mbio zilivyo, na Bwana hataiondoa mbio yenyewe. Anachokiondoa ni uzi. Mtumaini katika hilo. Namshukuru yeye kwa nafasi ya pili niliyoipata, na nimekwisha kuacha kusema asante sana kwa hasira.

Mama Eliza alilala katika Bwana siku nyingi zilizopita. Mkasi aliniachia mie. Ninao hapa kwenye pochi. Ibada ikiisha nitakuwa pale kwenye viti navikusanya, na sitakuuliza jina.