Jenoveva, Aliyempanda Meneja

Jenoveva Danieli Singano alizaliwa Gare tarehe 3 Mei 1950. Baba yake, mzee Alfred, alikuwa mtunza farasi wa setla mmoja. Kutandika farasi marehemu alijua kabla ya kujua kusoma.

Alisoma hapa Gare mpaka darasa la nne, mwaka 1963.

Mwaka 1968 aliajiriwa shamba la chai, kuchuma. Huko alikutana na Danieli, mfanyakazi wa kiwandani. Walifunga ndoa Gare tarehe 12 Desemba 1970, wakapewa nyumba ya kambi.

Mwaka 1993 shamba liliuzwa kwa mwekezaji. Danieli alipunguzwa kazi. Mwekezaji alileta farasi wa kupandwa na wageni, Jenoveva akapewa kuwatunza, na nyumba ikabaki kwa kazi yake. Farasi mmoja, mwekundu, alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa, kukunja mgongo na kumtupa mtu. Wafanyakazi walimwita Meneja, kwa kuwa aliachisha watu kazi bila barua. Kila asubuhi Jenoveva alimpanda yeye kwanza. Alimkaza hatamu kichwa kisishuke, akampandisha kilima mpaka achoke. Ndipo mgeni alipanda.

"Mama Raheli, leo zamu yako," Yassin wa zizini alimtania.

"Aandike barua kwanza," alijibu, mguu uko tayari kwenye kikuku cha tandiko.

Alianguka mara nne. Baada ya ile ya tatu alimwambia mumewe, "Baba Raheli, mgongo umekwisha. Kaka Nathanaeli anatupa kiwanja Gare. Twende."

Mumewe alijibu, "Mwanamume akae ukweni? Na ukiacha farasi, tutalala wapi?"

Hakuomba tena. Kesho yake alipanda.

Tarehe 9 Juni 1998 Meneja alimtupa juu ya mawe. Miguu haikuamka. Alilala miaka mitatu ndani ya nyumba ile ile, waliyoachiwa kwa kuwa aliumia kazini. Dirisha lilitazama zizi. Mumewe alitaka kulifunga, naye akasema, "Liache. Nione nani anaanguka leo."

Mwaka huu vidonda vya mgongo vilizidi, na nimonia nayo ikaja. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Julai 2001, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, Raheli, Elinuru na Dorkasi, wajukuu watano, na kaka yake Nathanaeli. Anazikwa leo kwenye kiwanja cha kaka yake. Mumewe amerudisha ufunguo wa kambi. Ameomba kukaa hapa, na shemeji amekubali.

Mungu ampe Mama Raheli pumziko la amani.