Udaktari wa Binti wa Fundi Saa

Kijiwe kilikuwa mbele ya duka la fundi saa: benchi moja refu limeegemea ukuta, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Fundi mwenyewe, waliyemwita Sekunde, alikaa nusu ndani nusu nje, lenzi jichoni. Miaka mitatu aliwaambia wenzake kuwa binti yake anasomea udaktari. Hakudanganya, ila hakumaliza sentensi. Binti alikuwa akisomea muziki wa jadi wa kanda nzima ile, na akimaliza wangemwita daktari kweli, daktari wa shahada. Sasa alikuwa nyumbani, na asubuhi hiyo Wembe, kinyozi wa jirani, alifika kijiweni na habari.

– Sekunde, nimemwona binti yako kwa bibi wa kona. Kamwekea kidude karibu na mdomo. Bibi anaimba, yeye anaandika!

– Anampima mapafu, alisema Hakimu, ambaye zamani alikuwa karani wa mahakama. Mapafu mabovu hayapandi sauti ya juu.

– Nusu saa nzima?

– Haraka haraka haina baraka.

– Na bibi alikuwa anapiga mguu chini, binti anahesabu.

– Hapo kahamia kwenye moyo. Moyo na mguu ni mshipa mmoja.

Sekunde aliinamia saa iliyokuwa imeshapona tangu jana.

– Mie nasikia siku hizi muziki ni dawa, alisema mama wa kahawa, akimimina. Presha ikipanda unapigiwa wa polepole.

– Ehee! Wembe alidakia. Ndiyo maana watu wa milimani ngoma zao nzito: magoti. Wa bondeni wanapiga mbiombio: mbu!

– Lisemwalo lipo, Hakimu alikata shauri, akaanza kukunja suruali. Binti akifika, goti langu la kwanza.

Sekunde alitoa lenzi jichoni.

– Hana dawa.

– Nani?

– Binti yangu. Si daktari wa watu. Anasomea nyimbo. Nani anaimba nini, kaupata wapi wimbo, kwa jirani gani. Niliona haya kuwaambia.

Hakimu alishusha suruali taratibu.

– Miaka mitatu nakutunzia goti, Sekunde!

– Mtu kusomeshwa kuimba, alisema Wembe. Si hata ndege watatucheka?

– Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, alisema Hakimu, na hakuna aliyejua ng'ombe ni yupi.

Binti akatokea na mkoba begani.

– Shikamooni.

– Marahaba, walijibu, kila mmoja akitazama kikombe chake.

– Baba, bibi wa kona kaniimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. Anasema aliusikia kwa mama yako, walipokuwa majirani. Una beti tatu, yeye kashika mbili. Ubeti wa tatu unakwendaje?

Sekunde alitafuta kichwani. Mahadhi yalikuja yote, hadi na namna mama yake alivyokuwa akivuta pumzi katikati. Maneno hayakuja. Yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba, hakuwa na mdogo wa kumwimbia, na dada zake wote walikuwa wameshazikwa.

– Sijui, mwanangu.

– Basi nipe mahadhi tu.

Binti aliweka kidude chake cha kurekodi juu ya benchi. Sekunde aliwatazama wenzake, akaona hakuna pa kukimbilia, akaanza kuyaguna mahadhi. Alianza kwa ukwaruzo, akakohoa, akarudia tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka.

Binti aliandika kwenye daftari: "Ubeti wa tatu: mahadhi yapo, maneno hayapo." Akaweka tarehe, na jina la baba yake.

Sekunde alisoma, akatikisa kichwa.

– Futa langu, alisema. Weka la mama yangu.

Akamtajia herufi kwa herufi, polepole, asije akakosea.