Maman Mwadi na Kichaka Alichokataa Kukipanda

Maman Mwadi Kalenga, ambaye leo tumemsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1938 mjini Jadotville, Likasi ya leo, katika Katanga. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa mgodi aliyehamia huko kutoka Kasai.

Alisoma kwa masista hadi mwaka 1952. Walimketisha karibu na mlango, maana hakuweza kumaliza somo bila kusimama. Baadaye alijifunza ukunga, na hapo miguu yake ikapata kazi: kwa miaka mingi alizunguka kitanda hadi kitanda katika wodi ya wazazi ya Likasi, na wengi walizaliwa mikononi mwake.

Tarehe 15 Agosti 1959 alifunga ndoa na Tharcisse Kalenga, karani wa reli, mtu mpole aliyeongea taratibu kiasi kwamba mke wake alimmalizia sentensi. Walijaliwa watoto wanne. Wawili waliwatangulia wakiwa wachanga.

Mwanzoni mwa 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, nao walijikuta stesheni pamoja na maelfu. Tharcisse alimpandisha mkewe kwenye behewa, akashuka kutafuta maji. Treni ikaondoka. Mwadi alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Alibaki Mwene-Ditu, kule Kasai treni ilikowashusha, miezi mingi akipokea kila treni na kutazama kila uso. Mwezi wa Novemba binti yake Ngalula, muuguzi hapa Brussels, alimleta kwake.

Katika nyumba hiyo karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles hakutulia hata siku moja. Nguo alizitoa kwenye sanduku, akazivaa, akazifua, akazirudisha sandukuni. Simu ikilia, alikuwa wa kwanza kuifikia.

Mwaka 1994 alipata kazi ya kumtunza Madame Huguette, mama mzee wa Laeken, upande mwingine wa Brussels, mwenye bustani nyuma ya nyumba. Machi iliyofuata, baridi ikingali inauma, aliona kichaka kisicho na jani hata moja kimejaa vishada vya maua ya manjano hafifu, vikining'inia. Alitoka bila koti kwenda kuvigusa. Madame alimwambia kinaitwa korilopsi, kwamba asili yake ni mbali, Japani, na kwamba maua yake hutangulia majani, ndiyo maana jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku, huyaharibu kwa urahisi. Tawi moja lilikuwa limeinama hadi udongoni likatoa mizizi. Madame alilikata, akampa katika ndoo.

Mwadi aliiweka ndoo kwenye baraza ya ghorofani na akakataa katakata kukipanda kichaka ardhini. Kilichanua Machi 1996, na jalidi la usiku mmoja likayababua maua yote. Ngalula alichukia.

"Maman, huyu muti haiko muzigo! Anahitaji udongo. Madame anakupa nafasi kule Laeken, ju ya nini unakatala?"

"Nitamupanda kwetu," mama yake akajibu. "Papa yako akinikuta huku na bustani, atasema nilishamusahau."

Ngalula hakuligusa tena jambo hilo. Aliendelea kuona majani yakipungua na mizizi ikichungulia kwenye matundu ya chini ya ndoo.

Oktoba 1997, katika saluni moja ya Galerie d'Ixelles, Mwadi alikuwa akisukwa alipoingia Séraphin, fundi cherehani wa Likasi aliyefika Ubelgiji majuma machache kabla. Séraphin alimtambua, akavua kofia.

"Maman Mwadi, sitakuficha. Papa Tharcisse alishafariki. Malaria, kule Kamina, nonante-quatre, mwaka moja nyuma ya ile treni. Miye niko kati ya wenye walimuzika."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, maman. Tulikuwa naye. Alikuwa anakuita."

Mwadi aliinuka na nywele zake nusu zimesukwa, nusu wazi, akaenda nyumbani, akabeba ndoo, akapanda tramu hadi Laeken. Alichimba mwenyewe huku akilia. Madame Huguette alimshikia mwavuli.

Wengine wangedhani hapo ndipo alipopata amani. La! Juma lililofuata alikichimbua kichaka, akidai upepo unakipiga. Akakihamishia chini ya mti mkubwa. Kisha akasema kivuli kimezidi.

"Mwadi, alors, kiache kipumue!" Madame akamfokea, nao wote wawili wakacheka. Alikihamisha tena siku hiyohiyo.

Septemba 1998 aligundulika kuwa na kansa ya kongosho. Hospitalini wauguzi walimkuta mara kwa mara kwenye lifti, na koti juu ya nguo za wagonjwa. Katikati ya Machi mwaka huu daktari alimruhusu atoke kwa mchana mmoja, naye akaomba Laeken. Kichaka kilikuwa kimechanua kila tawi. Alikaa mbele yake kwenye kiti cha magurudumu, vidole vikicheza juu ya blanketi. Ndipo Ngalula alipojikaza kumuuliza lililokuwa likimkosesha usingizi: ndugu waliorudi Likasi walikuwa wanapiga simu, wanataka mwili urudi.

Mwadi alinyoosha mkono, akagusa kishada kimoja cha maua.

"Mutanizika huku," alisema. "Bon. Nilishapanda treni ya kutosha."

Alifariki Jumatano tarehe 24 Machi 1999 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha watoto wawili, Ngalula wa Brussels na Kabeya wa Mbuji-Mayi. Mjukuu wake Océane. Dada yake mdogo aliyerudi Likasi. Madame Huguette, aliyefika leo kwa mkongojo. Na wote aliowapokea walipokuja duniani.

Mungu amweke Maman Mwadi mahali ambapo hakuna atakayemwondoa tena.