Tunavuta Kitanda cha Nani?

Mgeni rasmi, Dk. Harlan Engel, Mkuu wa Chuo Kikuu chetu cha Larkin. Walimu, wazazi, majirani mliofunga maduka mapema, na nyie kaka zetu wa mieleka mliokuja kwa sababu ya soseji: hamjambo nyote.

KARIBU

Karibu sana kiwanjani kwetu. Upepo huu usikusumbue. Ndivyo Nebraska ilivyo mwezi wa nne, na ukizoea utaacha kushika kofia. Anayesoma ni nahodha wa timu yetu ya softiboli, Teagan Osterloh, ila maneno ni yetu sote. Tuliyabishania ndani ya basi mpaka dereva akatuomba tumhurumie.

HISTORIA YETU, KAMA TULIVYOITAFUTA

Mgeni rasmi, ulipofika umetuona tukivuta kitanda. Tuliona ulivyomtazama msaidizi wako, naye akatazama viatu vyake. Ni kweli, ni kitanda, au tuseme fremu ya chuma na springi zake. Kabla ya kila mechi ya nyumbani, mabinti wa mwaka wa kwanza hukifunga kamba na kukiburuta juu ya udongo wa kiwanja mpaka mashimo yote yafukiwe. Trekta lipo bandani, zima kabisa, lakini hakuna anayeligusa siku ya mechi.

Mwaka huu aliyepewa kamba ni Marisol Ybarra, kutoka Scottsbluff, ambaye Mungu alimuumba na mkono wa kurusha mpira na mdomo wa kuuliza.

"Trekta si lile pale?" akasema.

"Vuta, wewe."

"Navuta. Nauliza tu, kitanda cha nani?"

Tukacheka, lakini hakuna aliyejua. Tukamuuliza kocha wetu. Akasema alikikuta. Tukampigia aliyemtangulia, naye akasema alikikuta. Tukabaki na Bi Jolene Pruss, ambaye vitabu vya chuo vinasema ndiye kocha wa kwanza wa timu hii, mwaka 1984. Huyo, tukasema, ndiye mwenye kitanda.

"Kitanda?" akasema Bi Jolene kwenye simu. "Kilikuwa kimeegemezwa kwenye uzio nilipofika. Na wasichana walikuwa wanajua kukivuta. Mlidhani niliwafundisha mimi?"

"Wasichana gani, kocha? Si wewe ndiye wa kwanza?"

"Nani kawaambia hivyo?" akasema. "Nendeni kwa Verna Hruska, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Wenceslaus. Na msiende mikono mitupu, hamjui yule."

Tukanunua kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu juu, tukaenda. Bi Verna alifungua mlango, akaziangalia kolache kwanza, sisi baadaye.

"Za dukani," akasema. "Haya, ingieni."

Mgeni rasmi, tulikwenda kuuliza habari ya kitanda, tukatoka jua limezama. Bi Verna alikuwa mwalimu wa kuogelea katika Idara ya Mazoezi ya Wanawake, ile iliyokuwa na jengo lake na mlango wake. Mwaka 1969 wasichana fulani wa mabweni walimwomba awafundishe softiboli, kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Akawapa uwanja huu, ambao wakati huo ulikuwa mashina ya mahindi. Akaenda kwa watu wa bustani kuomba trekta lisawazishe udongo. Wakamwambia trekta ni la timu za wanaume, wanawake watafutiwe siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Basi Bi Verna akarudi nyumbani kwake, akaondoa godoro, akatoa fremu na springi za kitanda chake mwenyewe, akazifunga juu ya gari na kuja nazo.

"Ukawa unalala wapi, Bibi?" Marisol akauliza, nani mwingine.

"Chini. Na mgongo ukapona. Ningejua ningekitoa mapema."

MAFANIKIO

Mafanikio ya timu tangu 1984 unayo, yamechapwa vizuri kwenye kabrasha ulilopewa langoni, pamoja na picha zetu ambazo nusu yetu tumefumba macho. Tunaomba tuongeze yasiyomo. Mabinti wa Bi Verna walishona sare zao kwa mapazia ya bweni. Walisafiri kwa gari lake, wamekaliana mapajani. Walilala kwenye sakafu za kumbi za watu, na walifika Omaha kwenye mashindano makubwa ya vyuo. Walipigwa vibaya huko Omaha, na Bi Verna hataki tuseme kwa pointi ngapi.

CHANGAMOTO

Mwaka 1984 Idara ya Wanawake ilifutwa, na kazi zake zikahamishiwa Idara ya Michezo. Timu ilihamishwa. Habari zake hazikuhamishwa. Waliopokea walianza kuhesabu siku walipopokea, kama mtu anayenunua nyumba akadhani ilijengwa asubuhi hiyo. Bi Verna aliambiwa asante, akapewa saa ya mezani.

"Ulikasirika?" tukamuuliza.

"Nilikasirika miaka kumi. Kisha nikachoka, nikaanza kuja kutazama mechi."

Ndipo tukamtambua. Mgeni rasmi, yule bibi wa koti la kijani, anayesimama nje ya uzio upande wa kushoto kila mechi, hata theluji ikianguka, tulikuwa tukimpungia mkono bila kujua ni nani. Tukamuuliza kwa nini haingii ndani akakaa.

"Ndani kuna viti vya wazazi na vya wageni," akasema. "Mimi si mzazi wa mtu. Na mgeni nilikataa kuwa."

Ilituuma, mgeni rasmi. Bado inatuuma.

Sasa tuseme lililotuleta. Nyuma yako kuna kibao kipya, kimefunikwa kitambaa, na kamba yake umewekewa wewe uivute. Tunajua kimeandikwa nini, kwa sababu aliyekata herufi ni mjomba wa Kaylin, mdakaji wetu. Kimeandikwa: Softiboli ya Wanawake, Tangu 1984. Tulikwenda Idara ya Michezo. Walitupokea vizuri, wakatupa maji, wakasema kabla ya mwaka huo ilikuwa klabu tu ya wasichana. Tukauliza, klabu iliyofika Omaha? Wakasema watalitazama.

Bi Verna yupo hapa leo. Ni huyo mstari wa mbele. Tulimbembeleza wiki nzima aingie ndani ya uzio. Alipofika kwenye kiti alisimama, akatuuliza, "Nikae hapa kama nani?" Tulimwambia akae tu. Amekaa, lakini mkoba bado ameushika magotini, kama mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Na tuliona heri ayasikie haya kwetu kuliko kuyasoma kwenye kibao.

OMBI

Ombi letu ni moja. Hatuombi taa, wala viti, wala basi jipya, ingawa basi umeliona. Tunaomba usiivute kamba hiyo leo. Mjomba wa Kaylin amesema tarakimu hubadilishwa kwa saa moja, naye amekuja na zana zake. Badala ya kamba, shuka hapo ulipo, uende kwenye kile kiti, umjibu Bi Verna swali lake. Sisi hatuna mamlaka ya kumjibu. Wewe unayo.

Mungu akupe afya, akupe na ujasiri wa kutembea hizo hatua chache mbele ya watu wote hawa. Sisi tumesimama hapa, na tutakaa ukishamjibu.

Ni sisi,
Timu ya Softiboli ya Wanawake,
Chuo Kikuu cha Larkin,
tangu 1969.